Nguzo kwanza, kilemba baadaye

UKIMWULIZA mfanyabiashara wa Kariakoo habari za fremu anayotaka kuipanga, atakueleza kwa ufasaha unaomshinda mchumi. Atakutajia kiasi cha kilemba, miezi ya kodi inayotakiwa mkononi, upande wa mtaa wanakopita wateja wa Zambia na Kongo, jirani wa kulia anauza nini na wa kushoto anauza nini. Sasa mwulize habari za jengo lenyewe: lilijengwa lini, kibali chake kilikuwa cha ghorofa ngapi, na nani aliyelikagua mara ya mwisho. Hapo atakutazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mchele wa mwezini.

Kila wiki ukurasa huu hushughulika na bei: mchele, maharage, sukari, vitenge, dola. Leo tunaomba radhi kwa wasomaji wetu, tuzungumzie bidhaa ambayo haimo katika orodha hiyo kwa sababu karibu hakuna anayeinunua, nayo ni ukaguzi wa jengo. Maoni yangu ni haya: hakuna mfanyabiashara wala mwekezaji mdogo anayepaswa kutoa kilemba, kununua nyumba au kuchangia ghorofa ya kupangisha kabla mtaalamu aliyesajiliwa hajalipita jengo hilo na kuandika alichokiona. Na ukaguzi huo aulipe yeye mwenyewe, siyo mwenye nyumba, siyo benki.

Tukumbushane kidogo. Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo wakati biashara imeshaanza. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na zaidi ya 80 waliokolewa. Waliokuwamo ni watu kama wewe na mimi: wauzaji, wapagazi, wateja waliokuja kuchukua mzigo. Mashuhuda walieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kuchimba ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, kazi ikiongozwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa.

Kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Wenzetu wa Nairobi nao hawajasahau usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, pale jengo la makazi lilipoporomoka Huruma na kuua watu karibu 50. Jengo hilo la Huruma lilikuwa limeshatajwa na mamlaka kuwa ni la kubomolewa. Habari za ubovu wake zilikuwapo ofisini. Wapangaji walikuwa wakilipa kodi kama kawaida.

Hapo ndipo penye shina la jambo lenyewe. Ubovu wa jengo ni habari ya soko kama zilivyo bei na riba. Anayeijua habari hiyo anafanya biashara, asiyeijua anacheza kamari. Na katika soko letu la fremu, anayeijua mara nyingi ni yule anayepokea fedha.

Nitatoa ushuhuda wangu mwenyewe, ingawa hauniletei sifa. Nilisomea biashara chuo kikuu. Mwaka 2022 shangazi yangu, anayeuza vitenge, alitaka fremu ya pili katika jengo moja ambalo silitaji. Alinikabidhi hesabu zote akiniambia, "Baba, wewe ndiye uliyesoma, nifanyie hesabu." Nikamfanyia. Nilikokotoa kilemba, kodi, mishahara ya vijana wawili, umeme, ushuru, mzunguko wa mzigo na muda wa kurudisha mtaji. Karatasi zilipendeza. Nikamwambia aende.

Mwaka uliofuata aliomba mkopo wa kuongeza mzigo, akaweka rehani nyumba yake ya Tabata. Benki ilimtuma mthamini, akafika Tabata, akapima, akapiga picha, akaondoka ndani ya nusu saa. Muda si mrefu shangazi akaona ufa umeanza kwenye nguzo ya nyuma ya fremu yake ya mjini, karibu na choo. Alipomweleza mwenye jengo, fundi alikuja jioni hiyo hiyo, akaupiga plasta na rangi. Nilipomwuliza shangazi kama hana wasiwasi, alinijibu kwa kujiamini kabisa, "Si benki imekagua?" Benki haikukagua fremu. Hata nyumba ya Tabata haikukaguliwa, ilithaminiwa tu. Nami mwenye shahada sikuwa na ujuzi wa kumweleza tofauti hiyo.

Ufa ulirudi baada ya miezi mitatu, mrefu kuliko wa kwanza, na safari hii alisikiliza. Akahama na mzigo wake wote. Kilemba hakikurudi, kwani kilikuwa kimelipwa kwa mpangaji aliyetangulia, bila risiti, dalali akiwa shahidi pekee. Jengo lile halijaanguka hadi leo. Limewekewa nguzo za chuma za kuegemeza, na fremu za chini zimefungwa. Nilikokotoa kila kitu katika biashara ile, isipokuwa kitu kilichoibeba.

Kwa hiyo tuanze na tofauti hiyo, maana inawaponza wengi. Mthamini ni mtu wa thamani. Kazi yake, inayosimamiwa hapa Tanzania na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, ni kusema mali hii ina thamani gani. Benki inamhitaji ili ijue mkopo ukikwama itapata kiasi gani sokoni. Mkaguzi wa jengo ni mtu wa afya ya jengo. Anatazama msingi, nguzo, boriti, sakafu, paa, maji na umeme, kisha anasema nini kimeharibika, kwa nini, na kisipotengenezwa itakuwaje. Mthamini anaweza kuona ufa na kuutaja, lakini hakulipwa kuufuatilia hadi kwenye chanzo chake. Ni sawa na mtu anayekwenda kupimwa suti akadhani amepimwa damu.

Waingereza, ambao sehemu kubwa ya taratibu zetu za taaluma hii tulizipokea kwao, walilifikisha jambo hili mahakamani. Mama mmoja wa mji wa Norwich alinunua nyumba ndogo akitegemea ripoti ya mthamini wa mkopeshaji, ripoti ambayo yeye ndiye aliyeilipia ada isiyofika pauni 40. Ndani ya nyumba, kuta za jiko la moto zilizobeba bomba la moshi zilikuwa zimeondolewa. Mthamini aliona kwamba zimeondolewa, ila hakupanda juu kutazama kama bomba lililobaki lina kitu cha kuliegemeza. Mwaka mmoja na nusu baadaye bomba likashuka kupitia dari ya chumba cha kulala. Mwaka 1989 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilimpa haki mama yule: mthamini alijua kwamba mnunuzi wa nyumba ya bei ya chini ataitegemea ripoti yake, hivyo alikuwa na wajibu kwake.

Hukumu hiyo ni ya Uingereza, na mahakama zetu huzitazama hukumu za namna hiyo kama mwongozo tu. Kwa mfanyabiashara, funzo ni la mapema zaidi. Yule mama alipata haki baada ya kesi kupanda ngazi hadi ngazi. Nani kati yetu ana muda na mawakili wa namna hiyo? Nafuu kumlipa mkaguzi wako siku ya kwanza, umwambie wazi unachotaka akiangalie.

Baada ya msiba wa Novemba 2024 niliomba kumfuata mkaguzi mmoja kazini, mhandisi mtu mzima ambaye ameifanya kazi hii zaidi ya miaka 20. Nilipomwamkia alinijibu, "Marahaba kijana, vaa viatu vizuri, leo hatukai kitini." Nilidhani tutaanza kwa kuingia ndani. Tulianza kwa kuvuka barabara.

Alisimama upande wa pili wa mtaa karibu robo saa akilitazama jengo kama mtu anayemtazama ng'ombe mnadani. Kwanza alihesabu ghorofa, kisha akahesabu tena kwenye nakala ya kibali. Alitazama kama mistari ya baraza na madirisha imenyooka. Alitazama mabomba ya maji ya mvua yanamwaga wapi, na shimo la maji machafu liko umbali gani na ukuta. Akauliza jirani anajenga nini, na kama amechimba. "Mwanangu," aliniambia, "jengo linaweza kuwa zima, likaponzwa na shimo la jirani."

Ndipo tukaenda kwenye nyufa. Si kila ufa ni msiba, na mfanyabiashara anayekimbia kila ufa hatapata pa kuuzia. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni plasta yenyewe iliyokauka haraka. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari kama ngazi unaashiria kwamba upande mmoja wa msingi umeshuka kuliko mwingine. Wataalamu hutumia mizani iliyotayarishwa na taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, BRE: kwa kuta za matofali, ufa usiozidi milimita 1 ni mdogo sana, hadi milimita 5 bado ni mdogo, kati ya 5 na 15 ni wa wastani, unaodai matengenezo ya kweli, kati ya 15 na 25 ni mkubwa, ukizidi 25 hali ni mbaya sana na uimara wa jengo uko mashakani. Lakini mkaguzi yule alisisitiza kuwa upana pekee hautoshi. Kinachotisha ni ufa unaoendelea kukua, na ufa mdogo kwenye nguzo ya zege una uzito kuliko ufa mkubwa kwenye ukuta wa kugawanya chumba.

Utajuaje kama unakua? Njia ni rahisi kiasi cha kumwaibisha msomi. Unabandika kipande chembamba cha kioo au plasta juu ya ufa, unaandika tarehe, unaondoka. Ukirudi baada ya wiki kadhaa ukakuta kimevunjika, ukuta unatembea. Sasa fikiria fundi aliyetumwa jioni kupiga plasta na rangi kwenye ufa wa shangazi yangu. Alifuta ushahidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uupake rangi.

Ndani, mkaguzi alishika nyundo ndogo akawa anagonga nguzo na dari, akisikiliza. Zege zima hulia kwa mlio mkavu. Zege lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Alinionyesha michirizi ya rangi ya kahawia kwenye dari, chini ya choo cha ghorofa ya juu. Hiyo ni kutu ya nondo inayotoka nje na maji. Chuma kikishika kutu huvimba, kikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, nacho hulisukuma zege mpaka likabanduka. Katika miji ya pwani balaa hili huja haraka, kwa sababu chumvi ya bahari huingia kupitia hewa, na zaidi kupitia mchanga wa pwani usiooshwa uliochanganywa na saruji. Vifaa vya kisasa vipo pia: nyundo ya kupima ugumu wa zege, na kipimo cha kutafuta nondo ziko kina gani bila kuvunja. Hata hivyo vifaa vinakuja baada ya macho, masikio na maswali.

Kitu kilichonishtua zaidi kilikuwa ghorofa ya tatu. Tulipanda tukitegemea kukuta vyumba vya kuishi, kwani ndivyo michoro ilivyosema. Tulikuta ghala. Marobota ya vitambaa na katoni za vyombo zilikuwa zimepangwa hadi karibu na dari. Mkaguzi alitoa kikokotoo. Kanuni za Uingereza ambazo wahandisi wetu wamezitumia kwa miaka mingi, BS 6399, zilizoondolewa huko Uingereza mwaka 2010, zilitaka sakafu ya nyumba ya kuishi ibuniwe kubeba kilonyutoni 1.5 kwa kila mita ya mraba, yaani kama kilo 150. Kwa ghala la kawaida zilitaka kilonyutoni 2.4 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Panga mzigo kimo cha mita tatu, unapata 7.2, karibu mara tano ya mzigo ambao sakafu ya makazi ilibuniwa kuubeba.

Ndugu msomaji, hapo hakuna tapeli wala mkandarasi mla rushwa. Ni sisi wenyewe. Jengo linalobadilishwa matumizi kutoka makazi kwenda ghala bila mhandisi kuulizwa linaelemewa na mzigo wetu halali, uliolipiwa ushuru. Tazama pia matangi ya maji juu ya paa. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji. Na tazama kuta zilizobomolewa ili fremu mbili ziwe moja. Ukuta mwingine ni pazia tu, mwingine ndio uliobeba nyumba, na fundi wa kutwa hawezi kukuhakikishia upi ni upi.

Wafanyabiashara wa Zanzibar na wa Mji wa Kale wa Mombasa wasidhani hadithi hii ni ya zege peke yake. Majengo yao ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko yana maradhi yake. Paa likivuja, maji huingia kwenye vichwa vya boriti vilivyofichwa ndani ya ukuta, na boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki, huku katikati yake ikionekana nzima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo la mwaka 1883 na fahari ya Forodhani, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kama jengo linalotazamwa na dunia nzima linaweza kufikia hapo, duka la vinyago lililo kwenye kichochoro lina kinga gani?

Turudi kwenye lugha yetu ya kila wiki, yaani fedha. Tuchukue mfano tu, msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe. Umetoa kilemba cha shilingi milioni 15, kodi ya miezi 6 kwa milioni 1 kila mwezi, na umejaza mzigo wa milioni 60. Umeweka ndani ya jengo lile shilingi milioni 81. Tuseme mkaguzi anataka milioni 4 kukagua jengo lote na kuandika ripoti. Utasema ni nyingi. Lakini jengo lina fremu 20. Wapangaji wakichanga, kila mmoja anatoa shilingi 200,000, ambayo ni kama robo ya asilimia moja ya fedha zake zilizomo humo. Hakuna dalali anayekubali kamisheni ndogo kiasi hicho.

Msitegemee sana bima nayo. Bima ya moto ni ya moto. Kuporomoka kwa sababu ya ubovu wa ujenzi au uchakavu kwa kawaida huwekwa kando katika masharti, yale ya maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi. Mwulize wakala wako swali moja kwa maandishi: jengo likianguka bila moto, mzigo wangu unalipwa? Jibu lake litakusaidia kuamua.

Zipo hoja za kupinga, nazo nimezisikia. Ya kwanza: ukaguzi ni kazi ya serikali, tunalipa kodi. Ni kweli, na halmashauri ina wajibu wa kutoa vibali na kufuatilia ujenzi, na bodi za wahandisi, za wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na za makandarasi zina wajibu wa kuwasimamia watu wao. Lakini ukaguzi wa serikali unauliza kama sheria imefuatwa. Wewe unataka kujua kama fedha zako na roho yako viko salama kwa miaka mitatu ijayo. Maswali hayo ni jirani, ila hayafanani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mwenye jengo atakataa, na fremu ataichukua mwingine. Mfanyabiashara mmoja aliniambia waziwazi, "Ndugu yangu, Kariakoo ukiuliza maswali mengi unapitwa." Siwezi kubisha kwamba soko la fremu ni la muuzaji. Ndiyo maana nasema wapangaji wachange pamoja. Mpangaji mmoja anayedai ukaguzi ni msumbufu. Wapangaji 15 wanaodai ukaguzi ni soko. Na mwenye jengo anayekataa bure, bila gharama yoyote kwake, jengo lake kutazamwa, tayari amekupa nusu ya ripoti.

Hoja ya tatu ni kwamba ripoti yenyewe inaweza kuleta hofu na kushusha bei ya majengo. Itashusha bei ya majengo mabovu, na hiyo ndiyo kazi ya soko. Leo jengo lililojengwa kwa uaminifu, kwa nondo kamili na kibali kamili, linapangishwa kwa kilemba kile kile sawa na jengo la kubahatisha lililo jirani yake, kwa sababu mpangaji hana namna ya kuyatofautisha. Kwa hali hiyo mwenye jengo mwaminifu anaadhibiwa kwa gharama alizoingia. Ukaguzi ukizoeleka, jengo zuri litadai bei yake na jengo bovu litalazimika kutengenezwa.

Benki nazo zina nafasi yao. Zinapokopesha kwa dhamana ya ghorofa la biashara, hapana budi zidai ripoti ya ukaguzi pamoja na ile ya uthamini, na zimpe mkopaji nakala. Aidha, matokeo ya ukaguzi unaofanywa kwa fedha za umma yabandikwe mlangoni mwa kila jengo: limekaguliwa tarehe fulani, hali yake ni hii. Mkaguzi yule wa kwangu hugawa dosari katika mafungu matatu: za kushughulikiwa sasa hivi, za kushughulikiwa ndani ya mwaka, na za kufuatiliwa. Karatasi moja yenye mafungu hayo matatu ingetosha.

Huku tukisubiri hayo, mfanyabiashara anaweza kufanya mambo machache kabla ya kutoa shilingi yake. Aombe kuona kibali cha ujenzi, ahesabu ghorofa kwa kidole. Aende wakati wa mvua, siyo kiangazi, atazame dari na kona za kuta. Atilie shaka ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya wakati mingine yote ni ya zamani. Aulize juu yake kuna nini, na chini yake kuna nini. Ahakikishe jina la mtaalamu anayemtumia limo katika daftari la bodi husika, na ripoti ya mtaalamu huyo itaje pia sehemu alizoshindwa kuzifikia, kwani ripoti isiyokiri mipaka yake si ya kuaminika. Mwisho, mkataba wake wa upangaji uwe na vifungu viwili: mwenye jengo asichimbe, asivunje ukuta wala kuongeza ghorofa bila kuwaonyesha wapangaji maandishi ya mhandisi, na jengo likifungwa kwa sababu za usalama, kilemba na kodi ya muda uliobaki virudishwe. Kilemba kisicho na risiti hakirudi. Shangazi yangu ni shahidi.

Mwezi uliopita alinipigia simu tena. Ameona fremu nyingine, mtaa mzuri, wateja wengi, na dalali anamhimiza alipe kabla ya Ijumaa. Nilichukua kalamu nikaanza kuuliza habari za kodi na mzunguko wa mzigo kama nilivyozoea. Akanikatiza. "Baba, hesabu utafanya baadaye," alisema. "Nipe kwanza namba ya yule mzee wa nyundo."